Mvamizi ni Nani? Lugha ya Karatasi na Haki ya Mtaa

NILIPOOMBWA niende Moi's Bridge kutafsiri karatasi, sikudhani kwamba ningerejea Eldoret na swali ambalo miaka yote niliyofundisha isimu haikunipa jibu lake. Aliyeniomba ni mama mdogo, ndugu yake mama, ambaye amepanga vyumba viwili katika mtaa mmoja ulio nyuma ya barabara kuu iendayo Kitale. Alinieleza kwa simu kwamba maafisa wa ofisi moja ya umma, ambayo sina haja ya kuitaja hapa, wangekuja kuzungumza na wakazi juu ya kuutengeneza mtaa wao, na kwamba walikuwa wametanguliza waraka wa kurasa 14 ulioandikwa kwa Kiingereza kitupu.

"Wewe si ndiye daktari wa lugha?" aliniuliza. "Basi njoo ututibu."

Msomaji asiyeujua mji huu na afahamu kwamba umo katika Kaunti ya Uasin Gishu, karibu na mahali ambapo kaunti hiyo inapakana na Trans Nzoia na Kakamega. Wazee bado wanakumbuka ukiitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Arthur Hoey aliyejenga daraja juu ya mto Nzoia. Reli ya Kitale ilipita hapa katika miaka ya 1920, yakaja maghala ya mahindi, na mahindi nayo yakawavuta watu: wapakizi, wapigaji magunia, wanunuzi wadogo wadogo, mafundi, akina mama wauza chai na maharagwe. Watu hao walihitaji mahali pa kulala usiku huo huo waliofika. Hawakungoja ramani. Waliotangulia walijenga, waliofuata wakapanga kwa waliotangulia, na mtaa ukazaliwa. Leo ukitembea humo wakati wa mvua ndefu, utaelewa mara moja kwa nini wakazi wanataka mtaro kabla ya kitu kingine chochote.

Tulikutana Jumamosi katika ukumbi wa kanisa. Maafisa walikuwa wanne, na kwa haki yao niseme kwamba walikuwa vijana wa adabu, waliofika kwa wakati na kuwaamkia wazee. Mpango wenyewe haukuwa mbaya: barabara ya upana wa mita 9 ikatize mtaa, mitaro pande zote mbili, vyoo vya umma, na taa moja ndefu, ile ambayo Wakenya wameibatiza mulika mwizi. Nilisoma na kutafsiri ukurasa baada ya ukurasa, na ukumbi ukawa unaitikia kwa kichwa. Nilipofika ukurasa wa 6 nikakuta orodha ya watu ambao wangetakiwa kuondoka kwenye hifadhi ya barabara, na neno la Kiingereza walilopewa watu hao nikalitafsiri kama linavyotafsiriwa kila siku katika magazeti yetu, likiwemo hili. Nilisema: wavamizi.

Ukumbi ulinyamaza. Kisha akasimama mzee mmoja, fundi wa baiskeli, akavua kofia.

"Mwalimu," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyeuandika waraka, "pale nimekaa nikitengeneza baiskeli tangu reli ikibeba mahindi. Kila mwezi nilitoa ushuru, na stakabadhi ninazo nyumbani ndani ya kopo. Nieleze jambo moja. Mvamizi hulipishwa ushuru na yule aliyemvamia?"

Afisa mmoja alisema kwamba bila shaka nilikuwa nimekosea katika kutafsiri. Nilisoma tena lile neno. Sikuwa nimekosea, na hilo ndilo lililonitia haya zaidi.

Neno hili la uvamizi lina uzito wake. Kuvamia ni kuingia kwa nguvu mahali ambapo mwenyewe yupo na hataki. Majambazi huvamia duka, nzige huvamia shamba. Mtu aliyeweka meza yake kando ya barabara mchana kweupe, akatozwa ushuru, akapewa karatasi yenye muhuri, huyo amefanya kitendo kingine ambacho Kiswahili kina maneno ya kukieleza: amekaa, amejishikiza, amejitafutia. Maadamu karatasi imeshamwita mvamizi, hata hivyo, mazungumzo yote yafuatayo yameshaamuliwa nusu. Nani hukaa kitako kujadiliana na mvamizi? Mvamizi hupewa muda wa kuondoka, basi, na akiongezewa wiki mbili aambiwe ashukuru.

Sheria ya nchi hii, ajabu ni kwamba, imekwisha kwenda mbele ya msamiati wa ofisi zake. Mwaka 2011 wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi, walipewa ilani ya siku saba kupitia magazeti, kisha nyumba zao zikabomolewa. Kesi yao, ijulikanayo kama Mitu-Bell, ilipanda ngazi zote hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu Januari 2021. Majaji walieleza kwamba wasio na ardhi wanapokalia ardhi ya umma na kujenga makao hapo, hawapati hati ya kuimiliki ardhi hiyo, lakini hupata haki ya makao inayostahili kulindwa. Fundi wetu wa baiskeli halali pale kwenye meza yake, na sitaki kuinyoosha hukumu ile ipite urefu wake. Nyuma ya meza yake, hata hivyo, na nyuma ya vibanda kadha wa kadha vilivyokuwa katika orodha ile ile, watu wanalala na watoto wanakua. Isitoshe, sheria za ardhi zilizorekebishwa mwaka 2016 zinadai kwamba anayetakiwa kuondoka katika ardhi ya umma aarifiwe angalau miezi mitatu mbele, na kwamba tangazo la redioni, inapofaa, litolewe kwa lugha ya wenyeji. Waliotunga kifungu hicho walijua jambo ambalo wengi wetu hulisahau, kwamba ilani isiyoeleweka haijatolewa.

Nigeukie sasa neno jingine, linaloimbwa kila mahali tangu Katiba ya 2010: ushirikishwaji wa umma. Nyumbani kwangu hutaniwa kwamba tasnifu yangu ya uzamifu ni kurasa 300 juu ya herufi moja, nayo ni w ya kauli ya kutendwa. Basi msomaji anisamehe nikikaa hapa kidogo. Shina letu ni shiriki. Ukiongeza kiambishi cha kusababisha, unapata shirikisha. Ukiongeza juu yake kile cha kutendwa, unapata shirikishwa. Anayeshiriki ametenda mwenyewe. Anayeshirikishwa ametendewa jambo na mtu mwingine, na huyo mwingine ndiye aliyeamua ukumbi ufunguliwe lini, karatasi iwe ya lugha gani, na swali la mwisho liulizwe saa ngapi. Sidhani kwamba waliobuni istilahi hii walikuwa na nia mbaya. Ila wameipatia serikali neno linaloeleza kwa usahihi wa kutisha yale yanayotendeka katika kumbi nyingi: wananchi wanashirikishwa, wanatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, wanapewa soda, na mambo yanaendelea kama yalivyopangwa.

Waraka wa Moi's Bridge ulijaa kauli hiyo. Barabara itajengwa. Vibanda vitaondolewa. Wakazi watafahamishwa. Nilipoutafsiri kwa sauti, mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha aliuliza kila mara, "Na nani?" Barabara itajengwa. Na nani? Tutafahamishwa. Na nani? Baada ya mara ya nne watu walianza kucheka, na maafisa nao wakacheka, lakini mmoja wao akachukua kalamu na kuanza kuandika pembeni majina ya idara. Nathubutu kusema kwamba kazi kubwa kuliko zote siku ile ilifanywa na mama huyo kwa maneno mawili.

Wala wakazi hawakuwa wasafi katika jambo hili. Afisa alipouliza ni nani anayetupa taka mtaroni, ukumbi mzima ulihamia kauli zisizomtaja mtenda: mtaro umeziba, taka zimejaa, maji yamefurika. Hakuna aliyeziba. Sarufi humficha kila atakaye kujificha, awe na cheo au asiwe nacho.

Palikuwa na jambo jingine ukurasani ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko yote, na karibu litupite. Waraka uliahidi kwamba kamati ya mazungumzo itaundwa na "wenye majengo". Katika mitaa hii, mwenye jengo na mwenye ardhi na mwenye kulala ndani ya jengo ni watu watatu mbalimbali. Wengi wa wakazi ni wapangaji. Mama mdogo amepanga huko kwa miaka mingi, amewazika jirani wawili na kuwafunza wasichana wa mtaa ushonaji, lakini kwa lugha ya karatasi ile hakuwa mkazi. Mwenye jengo lake yeye anaishi mjini kwingine na hakuwako ukumbini. Barabara ikipita na taa ikiwaka, kodi itapanda, na aliyekanyaga matope kwa miaka ndiye atakayehama kabla ya kuonja ukavu.

Jambo hili lilipata jawabu mahali pamoja ambapo ningependa maafisa wetu wapatembelee. Ni Kambi Moto, mtaani Huruma, Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakazi walijihesabu wenyewe nyumba kwa nyumba, kisha wenye vibanda na wapangaji wakakaa, wakabishana sana, wakakubaliana kwamba kila aliyehesabiwa, awe mwenye kibanda au mpangaji, apate nafasi ya nyumba moja. Baraza la Jiji liliafikiana nao, na ujenzi ukaanza mwaka 2003. Waliosimama nyuma ya kazi hiyo ni pamoja na Muungano wa Wanavijiji, jumuiya iliyozaliwa mwaka 1996 katika vita dhidi ya ubomoaji. Litazame jina hilo. Vyombo vya habari vilikuwa vikiita makao yao vitongoji duni, wizara ikayaita makao yasiyo rasmi, lakini wenyewe walijiita wanavijiji. Kijiji kina wazee, mipaka na historia, na hakiwezi kuitwa kosa la upimaji.

Huku kwetu Bonde la Ufa pia pana la kujifunza. Kati ya 2001 na 2004, mwendo mfupi tu kutoka Moi's Bridge, Baraza la Manispaa ya Kitale lilishirikiana na shirika la ITDG, ambalo baadaye lilijiita Practical Action, kupanga pamoja na wakazi wa Kipsongo, Tuwani na Shimo la Tewa. Wakazi walichora ramani zao wenyewe na kutaja kipi kitangulie. Eldoret nayo iliingizwa katika ule mradi wa kitaifa wa kuboresha makao yasiyo rasmi, KISIP, ulioanza mwaka 2011 katika miji 15 kwa fedha za Benki ya Dunia pamoja na Sweden na Ufaransa, na kila mtaa uliohusika ulitakiwa kuchagua kamati yake. Tangu Agosti 2024 Eldoret ni jiji. Naona fahari kwa hilo kama mkazi yeyote, lakini nikipita Langas, Munyaka, Kamukunji au Huruma yetu, najiuliza ni kurasa ngapi za ujiji huo zimeandikwa kwa lugha ambayo watu hao hujadiliana nayo. Katiba, katika kifungu cha 7, inasema lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza, na Kiswahili kimetajwa kwanza.

Watanzania wametupita hapa, na hatuna budi kukiri. Kwao mtaa ni ngazi ya utawala yenye ofisi, mwenyekiti na mkutano, na shughuli zake huandikwa kwa Kiswahili. Serikali ilipoanza kutoa leseni za makazi Dar es Salaam mwaka 2004, watu walijua leseni ni nini. Jambo tunalozunguka nalo sisi kwa sentensi nzima, wao wana neno moja: urasimishaji. Walakini, asije mtu akadhani kwamba lugha peke yake ni ngao. Mwishoni mwa 2015, wakazi wa bonde la Msimbazi waliamka wakakuta alama ya X kwa rangi nyekundu kwenye kuta zao, kisha yakaja matingatinga. Hiyo ilikuwa herufi moja tu, na kila mtu aliielewa.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba mikataba ya ujenzi ni ya kitaalamu, kwamba wafadhili hawasomi Kiswahili, na kwamba katika Moi's Bridge kuna bibi Mturkana na babu Mnandi ambao Kiswahili chenyewe ni lugha yao ya pili au ya tatu. Hili la mwisho ni kweli, nami sina jibu rahisi. Siku ile ukumbini watu walinong'onezana katika lugha nne, na tafsiri yangu ilitafsiriwa tena kabla haijatua. Kuhusu yale mengine, nimeona mhandisi akieleza kina cha mtaro kwa kunyoosha mkono hadi kwenye goti lake, na fundi wa baiskeli akamjibu kwamba maji ya Aprili hufika pajani. Utaalamu ulikuwa pande zote mbili. Ukurasa wa Kiingereza haukuwa na goti wala paja.

Mazungumzo yalichukua mikutano mitatu. Baada ya ule wa kwanza, vijana waliomaliza shule walizunguka na daftari la kurasa 200, wakaandika kila mlango: jina, kazi, tangu mwaka gani, amepanga kwa nani au amejenga mwenyewe. Stakabadhi za fundi ziliwekwa mezani katika mkutano wa pili, zikiwa bado na harufu ya mafuta ya mnyororo. Neno wavamizi lilifutwa, mahali pake pakaandikwa "wafanyabiashara na wakazi walio kwenye hifadhi ya barabara". Msomaji anaweza kuona hilo ni jambo dogo la mwalimu wa lugha. Lakini mara tu walipoitwa wafanyabiashara, ikabidi swali liulizwe biashara zitahamia wapi, na likapatikana jibu: nafasi sokoni kabla ya kibanda kung'olewa. Barabara ilipunguzwa kutoka mita 9 hadi 6 pale inapobana. Mtaro ukatangulizwa. Wapangaji wakapewa viti viwili katika kamati, na mama mdogo yumo katika kimoja.

Kodi ndiyo iliyoshinda kila mtu. Wenye majengo, walipofika hatimaye, waliahidi kwa mdomo kwamba hawataipandisha kwa muda, lakini hakuna aliyekubali kuandika ni muda gani. Maafisa walisema hilo si la ofisi yao. Nami sikuwa na neno la kuwapa wapangaji, la Kiswahili wala la Kiingereza.

Kulikuwa pia na swali la fedha: ni kiasi gani kilichotengwa, na zabuni itafunguliwa lini. Swali hili liliulizwa mara tatu likajibiwa mara tatu kwa kauli ya kutendwa. Hapo nikawakumbusha juu ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Inamruhusu raia kuandika ombi lake kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, inamtaka afisa amsaidie asiyeweza kuandika, na inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 21. Barua iliandikwa jioni ile ile, chini ya balbu ya duka la unga. Nilikatazwa kuirekebisha. Vijana walisema Kiswahili changu ni cha kitabu mno na ofisi ingejua kwamba wameazima mtu.

Jibu lilifika siku ya 18. Mama mdogo alinipigia simu usiku, akanisomea jina la ofisi na tarehe, kisha akasita.

"Ni Kiingereza tena?" nilimuuliza.

"Ni Kiingereza, lakini tarakimu tumezisoma wenyewe," alijibu. "Njoo Jumamosi. Na safari hii acha kamusi, uje na utepe wa kupimia. Bikoni zimepigwa leo, nami naona kama mita 6 zao ni ndefu kuliko zetu."